Jinsi ya kupanga mkakati wa kampuni ya opera isikufie mikononi: tujifunze kwa New York City Opera

Hii nimeiandika kwa wanaosoma menejimenti ya sanaa waliopewa kesi ya kampuni ya opera wakakwama hawajui waanzie wapi, na pia kwa yeyote anayekaa kwenye bodi ya kikundi kikubwa cha muziki wa jukwaani, maana mengi yanafanana. Opera kwa kifupi ni igizo ambalo lote au karibu lote linaimbwa. Kuna waimbaji wakuu, kwaya, orkestra nzima imekaa shimoni mbele ya jukwaa, mafundi taa, washona mavazi, maseremala wa seti, yaani kwenye nyumba kubwa usiku mmoja unaweza kukuta mamia ya watu wanalipwa kwa onyesho moja la masaa matatu. Hiyo picha iweke kichwani, matatizo yote yanaanzia hapo.

Kesi yangu ni New York City Opera. Ilianzishwa 1943, onyesho la kwanza lilikuwa opera iitwayo Tosca Februari 1944, na Oktoba 2013 ikaenda mahakamani kutangaza kufilisika. Miaka 70 hiyo. Inaniuma kila nikiisoma kwasababu haikufa kwa kukosa waimbaji, wala haikukosa mji wa kuuzia tiketi, ilikuwa New York jamani. Iliuliwa na maamuzi ya mezani, na uzuri ni kwamba maamuzi yenyewe yanajulikana, kwahiyo tunaweza kuyapitia moja moja tukajua sisi tungefanya nini.

Hatua ya 1: jua pengo lako kabla hujaongelea mkakati

Wengi wanaanza na maono na dhamira, maneno matamu. Usianze hapo, anza na hesabu. Chukua karatasi ugawe gharama mafungu matatu: zinazolipwa hata kama hamjaimba (mishahara ya kudumu, kodi ya jengo, bima, ghala la seti), zinazolipwa mara moja kwa kila onyesho jipya (seti, mavazi, wiki za mazoezi), na zinazolipwa kila usiku pazia likifunguka. Alafu upande wa pili weka mapato ya tiketi peke yake, usichanganye na misaada hata senti.

Utakuta pengo. Usishtuke na usimlaumu mtu, pengo hilo ni la asili. Wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walilieleza vizuri mwaka 1966: kiwandani mashine mpya inamfanya mfanyakazi mmoja atoe mashati mengi kuliko mwaka jana, kwahiyo mshahara wake ukipanda kiwanda kinabeba. Ila Tosca ya mwaka 1900 na Tosca ya leo zinataka orkestra ile ile, kwaya ile ile na muda ule ule, huwezi kusema tuimbe haraka haraka tuokoe pesa. Na mpiga fidla wako anaishi mji ule ule, analipa nauli na kodi ya nyumba kama yule wa kiwandani, lazima naye apandishiwe. Ndo maana gharama za opera zinapanda kila mwaka hata bila mtu kuiba wala kufanya uzembe.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo bodi nyingi zinapoteleza. Piga hesabu ya usiku mmoja wa ziada. Kama tiketi za usiku huo zinaingiza hela kuliko malipo ya usiku huo, ongeza usiku. Kama hata ukumbi ukijaa bado unapoteza, basi kuongeza maonyesho ni kuongeza hasara, na hapo yule mjumbe anayesema tufanye kazi zaidi tupate zaidi anakupeleka shimoni kwa nia njema kabisa. Metropolitan Opera, ndo kubwa kuliko zote Marekani, mwishoni mwa 2022 ilipotangaza kubanwa na pesa moja ya hatua zake ilikuwa kupunguza maonyesho kama asilimia 10 msimu unaofuata. Kwa biashara ya kawaida inashangaza, kwa opera inaeleweka.

Hatua ya 2: andika nani anaziba pengo, na akiondoka itakuwaje

Ujerumani pengo linazibwa na serikali, za majimbo na za miji, Berlin peke yake ina nyumba tatu za opera na mwaka 2004 wakaziweka chini ya taasisi moja badala ya kuzifunga. Marekani serikali inatoa kidogo sana, mzigo uko kwa matajiri na wahisani. Uingereza ni mchanganyiko. Oman wamekuja na njia nyingine, Royal Opera House ya Muscat iliyofunguliwa 2011 kwa opera ya Turandot (ndugu zetu waongea Kiswahili walioko kule wanaijua hiyo nyumba) kwa sehemu kubwa inaalika makampuni kutoka nje kuja kuonyesha, haijabeba mzigo wa kuajiri kampuni nzima ya waimbaji mwaka mzima. Huo nao ni mkakati, na kwa mji unaoanza naona una akili nyingi.

Kwa kila anayekuzibia pengo andika vitu vinne: anatoa kiasi gani, anataka nini, nani kwenu anaongea naye, na akikata kesho mnaishi miezi mingapi. Hicho cha nne ndo watu wanakiruka. English National Opera ya London walikuwa wanapata karibu pauni milioni 12.6 kwa mwaka kutoka Arts Council England, chombo kinachogawa pesa za umma kwa sanaa kule. Novemba 2022 wakaambiwa wanatolewa kwenye orodha ya wanaofadhiliwa moja kwa moja, watapewa milioni 17 kwa miaka mitatu ila wahamishe makao nje ya London. Ilibidi wapiganie upya, wakaongezewa pesa na muda, na Desemba 2023 wakatangaza kwamba makao mapya yatakuwa Greater Manchester. Mfadhili mmoja kubadilisha mawazo, na kampuni nzima inahamishwa mji! Kwahiyo kama chanzo kimoja kinabeba theluthi ya bajeti yako, andaa mpango wa siku kikikauka na uandike mapema wakati kila mtu ametulia.

Hatua ya 3: sentensi moja ya kwanini mpo

Meya wa New York wakati ule, Fiorello La Guardia, aliita City Opera opera ya wananchi. Na kweli walikuwa hivyo, tiketi za bei ya chini, waimbaji vijana wa Kimarekani ambao bado hawajajulikana, kazi mpya na kazi zilizosahaulika. Mwimbaji Beverly Sills alijengewa jina pale na baadaye akaja kuwa mkurugenzi, toka 1979 mpaka 1989. Mwimbaji maarufu Placido Domingo aliimba New York kwa mara ya kwanza akiwa na hao hao, 1965. Na mwaka 1983 wakawa wa kwanza Marekani kuweka maandishi ya tafsiri juu ya jukwaa ili mtu asiyejua Kifaransa au Kitaliano afuate kinachoimbwa, kitu ambacho sasa hivi kipo karibu kila nyumba.

Lakini 1966 walihamia Lincoln Center, eneo lenye kumbi kubwa za sanaa pale New York, na mwaka huo huo Metropolitan nayo ikahamia hapo hapo, majirani wa uwanja mmoja. Sasa jirani yako ana ukumbi wa watu karibu 3,800 na masupastaa wa dunia nzima. Ukianza kufanana nae umekwisha, kwasababu kwenye ukubwa humuwezi na kwenye bei umeshapandisha.

Kipimo ninachotumia ni hiki. Andika sentensi: "tukifunga kesho mji huu utakosa ___". Alafu futa jina la kampuni yenu uweke la jirani. Kama sentensi bado inasomeka sawa, hamna mkakati bado, rudini mezani. Na hii kazi msimpe mshauri wa nje awaandikie, kaeni wenyewe na mwimbishaji wa kwaya na muuza tiketi wawemo ndani ya chumba, hasa muuza tiketi, yeye anasikia watu wanachouliza kila siku.

Hatua ya 4: jengo, na kwanini usipotee msimu mzima

Ukumbi wa City Opera pale Lincoln Center ulifunguliwa 1964 na ulijengwa zaidi kwa ajili ya dansi, kampuni ya balei ya George Balanchine, kwahiyo sauti ya mwimbaji ilikuwa inapata tabu humo miaka yote, walifika mpaka kuweka mitambo ya kusaidia sauti mwaka 1999 na mashabiki wa opera wakalalamika sana maana opera inajivunia kuimba bila maikrofoni. Mwaka 2008 ukafungwa kwa ukarabati mkubwa. Wazo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba msimu wa 2008-09 kampuni karibu haikuonyesha opera yoyote jukwaani. Mwaka mzima hakuna mapato ya tiketi, gharama za kudumu zinaendelea kutembea, na mteja wa tiketi za msimu aliyezoea kulipa kila mwaka bila hata kufikiria akapewa nafasi ya kufikiria.

Hili naliongea kwa uchungu kidogo. Niliwahi kushika daftari la hesabu la kikundi cha kwaya na maigizo, ukumbi tuliokuwa tunautumia ukafungwa miezi saba kwa ukarabati, viongozi wakasema tupumzike tutarudi na nguvu mpya. Tuliporudi viti vilikuwa vizuri, taa mpya, watu nusu. Hawakutukasirikia hata, walishazoea kwenda kwingine jumamosi jioni basi.

Linganisha na La Fenice ya Venice. Iliungua Januari 1996 ikabaki kuta, na haikufunguliwa tena mpaka 2003. Lakini wale walisimamisha hema kubwa kwenye kisiwa cha Tronchetto wakaendelea kuimba humo. Hema! Kwahiyo kanuni yangu ni kwamba bajeti ya ukarabati isipitishwe na bodi kama haina ndani yake fungu la kuimbia pengine kipindi chote cha ujenzi, hata kama ni shule, kanisa au ghala. Dogo lionekane, jina lisitoke mdomoni mwa watu.

Hatua ya 5: ukimleta mkurugenzi, pesa iwe imeandikwa

Mwaka 2007 bodi ya City Opera ilimtangaza Gerard Mortier, Mbelgiji mwenye jina kubwa Ulaya, aje kuongoza kuanzia 2009. Alikuja na ndoto zake akijua bajeti ya mwaka itakuwa dola milioni 60. Mtikisiko wa uchumi ukaingia, akaambiwa ni milioni 36. Novemba 2008 akajiondoa kabla hata hajaanza kazi rasmi. Kwahiyo kampuni haina ukumbi, haina msimu, na sasa haina kiongozi, vyote ndani ya miezi hiyo hiyo.

Simlaumu yeye sana. Bodi iliahidi hela ambayo haikuwa nayo mkononi. Wewe fanya hivi: kabla ya kutangaza jina, mkurugenzi mtarajiwa apewe hesabu za miaka mitano zilizokaguliwa, na mkataba uonyeshe bajeti tatu, ya hali nzuri, ya kawaida na ya njaa, alafu aandike ataimbisha nini kwenye kila moja. Akikataa kuandika ile ya njaa, mshukuru muachane. Hapa sina la kuongeza.

Hatua ya 6: usile wakfu

Sisi watu wa pwani hili tunalielewa bila kufundishwa. Ukiachiwa shamba la wakfu unakula nazi, mnazi hukati na shamba huuzi. Makampuni makubwa ya sanaa yana kitu kama hicho, mfuko wa kudumu uliochangwa na wahisani, unawekezwa na kinachotumika ni faida tu, wengi wanachukua kama asilimia 4 au 5 kwa mwaka wakipiga wastani wa miaka kadhaa ili mwaka mbaya wa soko la hisa usiwavuruge.

City Opera walikuwa na mfuko wa kama dola milioni 48 mwaka 2008. Msimu ule usio na maonyesho ulipowakaba wakaomba ruhusa ya kisheria kuingiza mkono kwenye mfuko wenyewe, wakachukua karibu nusu, kwa nia ya kulipa madeni na kupata pumzi. Miaka michache baadae mfuko ulikuwa chini ya milioni 10. Na hapa uone uchungu wa hesabu hii: mfuko wa milioni 48 ukichukua asilimia 5 unapata milioni 2.4 kila mwaka milele, ukiwa milioni 9 unapata laki nne na nusu. Hawakupoteza akiba tu, walipoteza mshahara wa kila mwaka ambao ungeziba sehemu ya lile pengo la hatua ya 1, kwahiyo pengo likawa kubwa zaidi, kwahiyo wakahitaji kuchukua tena.

Je hairuhusiwi kabisa kugusa? Sisemi hivyo. Metropolitan nao Desemba 2022 walitangaza kuchukua mpaka milioni 30, ila mfuko wao ulikuwa na zaidi ya milioni 300, kwahiyo ni kama sehemu moja ya kumi, na walitaja hapo hapo watapunguza nini. Hata hivyo Januari 2024 ikasikika wamechukua milioni 40 zaidi, na mimi naona hiyo ni dalili ya kuangaliwa kwa macho mawili hata kwa jitu kubwa kama lile. Utaratibu ninaoshauri ni kwamba kuchukua mtaji wa wakfu kupigiwe kura na robo tatu ya bodi, kuwe na tarehe ya kurudisha, na pesa iende kwenye kitu kinachobadilisha hesabu za mwakani. Kulipia hasara ya mwaka jana hapana.

Hatua ya 7: watazamaji

Zamani mhimili ulikuwa tiketi za msimu mzima, mtu ananunua maonyesho sita kwa mkupuo mwezi wa nne na hela inakaa benki kabla hujashona hata vazi moja. Hiyo tabia imepungua, watu wananunua moja moja, tena siku za mwisho, kwahiyo hata kama mwisho wa mwaka jumla ni ile ile, mzunguko wa pesa umeharibika na unaweza kukosa mishahara mwezi wa nane huku mwezi wa kumi ukumbi umejaa. Tengeneza kalenda ya pesa ya wiki kwa wiki, ya mwezi haitoshi.

Njia za kupata watu wapya zipo na zimejaribiwa. Metropolitan toka Desemba 2006 wanarusha maonyesho mubashara kwenye majumba ya sinema, chini ya meneja mkuu wao Peter Gelb. English National Opera wanaimba kwa Kiingereza na wanatoa tiketi bure kwa walio chini ya miaka 21. Na kazi mpya zinavuta, Metropolitan walipofungua tena baada ya korona Septemba 2021 walianza na Fire Shut Up in My Bones ya Terence Blanchard, opera ya kwanza ya mtunzi mweusi kwenye nyumba hiyo iliyoanzishwa 1883, na watu wakaja ambao walikuwa hawajawahi kukanyaga pale.

Ila usihesabu vichwa tu. Hesabu waliorudi mara ya pili ndani ya miezi 12. Mtu wa mara moja amekugharimu matangazo, mtu wa mara tatu ndo ataanza kuchangia siku moja. Dirisha la tiketi lichukue namba za simu na ruhusa ya kuwaandikia watu, na mwimbaji mmoja awapigie wale wapya kuwashukuru. Inafanya kazi nakwambia.

Hatua ya 8: waimbaji, orkestra na vyama vyao

Mwaka 2011 City Opera waliondoka Lincoln Center kubana matumizi, wakawa wanahamahama kumbi tofauti, maonyesho machache. Wakataka orkestra na kwaya waache malipo ya uhakika ya msimu walipwe kwa kazi. Mazungumzo yakavunjika, Januari 2012 wanamuziki wakafungiwa nje ya mazoezi kabla ya kufikia makubaliano. Uhusiano wa miaka ukachanika.

Usisubiri mkataba uishe ndo ukafungue vitabu. Fungua mapema na wawe na mtu wao wa kuvisoma. Metropolitan 2014 walikaribia kufungiana milango, na moja ya vitu vilivyowatoa ni kukubali mchambuzi huru wa hesabu ambaye pande zote mbili zinamwamini. Na kama unapunguza, anza na ofisi ya juu, waimbaji wanaona.

Hatua ya 9: weka mstari wa hatari na uutangaze ukiwa bado na hela

Septemba 2013 City Opera walisema wanahitaji dola milioni 7 kabla ya mwezi kuisha, wakaanzisha mchango wa mtandaoni wa milioni 1, zikapatikana kama laki tatu tu. Onyesho lao la mwisho likawa Anna Nicole kule Brooklyn, na siku chache baadae mahakamani.

Miezi sita tu baada ya hapo, Machi 2014, bodi ya San Diego Opera ikapiga kura 33 kwa 1 kufunga kampuni. Lakini wao walitangaza wakiwa bado wana hela benki na hawana deni kubwa, na hiyo ndo iliwapa watu muda. Waimbaji wa kwaya, wafanyakazi na watu wa mji wakaandamana, wajumbe wengi wa bodi wakaondoka, mjumbe mmoja Carol Lazier akatoa milioni 1 yake na kuchukua uenyekiti, michango ya wananchi ikavuka milioni 2, na Mei 19 uamuzi ukafutwa. Bajeti ikakatwa sana.

Kwahiyo chagua namba yako leo, mfano pesa taslimu ya miezi sita. Ikishuka chini ya hapo mwenyekiti anatakiwa ndani ya siku 14 aite mkutano wa wazi na wafanyakazi wote, na ndani ya siku 30 mji uambiwe ukweli na takwimu. Iandikwe kwenye katiba ya kampuni isiwe hiari ya mtu, maana hakuna mwenyekiti anayependa kuwa wa kwanza kusema. Pale San Diego walipata miezi miwili tu toka kura ya kufunga mpaka kuifuta, ikatosha, na Januari 2015 wakafungua msimu wao wa 50 kwa La bohème.